Roketi ya mizigo ilivyokwenda na kurudi salama, na swali la binti yangu lililonipandisha ndege na begi la mgongoni

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mliotawanyika kama mimi.

Hii ni ya kwangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nilichobadilisha ni majina tu, maana humu ndani kuna ndugu zangu wanaonisoma kimya kimya na sitaki kesi za ukoo.

Halafu kabla hamjaanza: mimi ni mwanamke. Kila nikiandika humu naitwa "kaka", juzi kuna mmoja kaniita "mzee wangu". Niiteni dada, inatosha.

Naishi Houston, upande wa Alief. Ni nurse kwenye hospitali moja pale Medical Center. Kwetu ni Kasulu, Kigoma.

Nilikuja Marekani kusoma, nikaanzia Dallas, nikamaliza, kazi ikanileta huku. Nyumbani nilimwacha binti yangu Penina akiwa na miaka minne. Analelewa na mama yangu. Baba yake tuliachana kabla mtoto hajaota meno, huyo tumwache huko alipo.

Makaratasi yangu yalikaa sawa 2018. Ya Penina bado yako kwenye foleni, na foleni za uhamiaji wengine mnazijua kuliko mimi.

Kwa hiyo mlishike hili moja mapema ili tusisumbuane kwenye comments. Kuanzia 2018 nilikuwa naruhusiwa kabisa kwenda Kasulu na kurudi. Hakuna aliyenizuia.

Na sikwenda.

Sasa tuje kwenye roketi.

Mwaka jana, 2019, kampuni moja binafsi ilifanya majaribio ya roketi na kapsuli ya mizigo. Ilikuwa iende mpaka kwenye kile kituo kinachozunguka dunia huko juu, ishushe mizigo, irudi. Mliofuatilia mnakumbuka jinsi dunia ilivyosimama kuangalia.

Kituo cha anga cha Houston kiko kule Clear Lake. Kutoka kwangu ni saa nzima ukikuta foleni. Sijawahi kufanya kazi kule, simjui hata mlinzi wa getini, na mara ya mwisho kupita karibu nilikuwa nimepotea njia naenda Galveston.

Lakini hebu jaribu kuwaeleza hivyo watu wa Kasulu.

Roketi yenyewe ilirushwa usiku, mimi niko shift. Jumamosi asubuhi nikapitia Gulfton kwa rafiki yangu Consolata, ndio tukaangalia marudio.

Consolata ni Mrundi. Tunalingana umri. Alikulia kambini, wilaya yetu ile ile ya Kasulu, halafu familia yao ikaletwa huku kama wakimbizi. Anasafisha vyumba hotelini. Tulikutana kanisani, nikamsikia nyuma yangu anamkaripia mtoto kwa lafudhi ya nyumbani kabisa, nikageuka katikati ya misa kumtafuta. Tangu siku hiyo Jumamosi zangu ni za kwake.

Siku hiyo alikuwa anasonga ugali. Binti yake Bella, yuko middle school, akatuwekea roketi kwenye TV.

Consolata akauliza, "Mle ndani kuna nani?"

"Nobody, Mama. It's just cargo. They're testing it."

Kiingereza cha hotelini Consolata anakijua vizuri. Cha mwanae anasema kinakimbia mno. Akanigeukia mimi.

"Anasema hakuna mtu," nikamwambia. "Wamepakia mizigo tu, wanajaribu."

"Kumbe ni sanduku."

"Ni sanduku, ndio."

"Na anayelipeleka ni nani?"

"Hakuna. Linajipeleka lenyewe."

Akatikisa kichwa. "Basi hao wametushinda, dada. Sisi kila siku tunatafuta mtu wa kutubebea."

Tukacheka mpaka Bella akaongeza sauti ya TV.

Halafu ile roketi, baada ya kuisukuma kapsuli juu, ikaanza kushuka. Ikashuka ikatua juu ya jukwaa katikati ya bahari, imesimama wima. Consolata akapiga kigelegele, mwiko mkononi, akamwita Mungu wake kwa Kirundi.

"Mana yanje! Imerudi!"

Kisha akakaa kwenye kochi. Ugali ukaanza kunukia kuungua, nikaenda mimi kuugeuza.

"Kitu kinaenda mpaka huko," akasema, "na kinarudi kilipotoka."

Nilijua anachowaza, na mimi nilikuwa nawaza changu.

Group letu la WhatsApp la watu wa Houston, Waafrika Mashariki wa kila aina, lilikuwa linawaka. Mmoja kaandika, "Mwenye nafasi ya kilo mbili humo naomba anibebee charger, wakipita juu ya Tabata waidondoshe." Mwingine kajibu, "Uliza kwanza kama wanaruhusu begi la pili." Mkenya mmoja akauliza kama ina transit Doha.

Nyumbani nao hawakulala. Baba mdogo wangu wa Kasulu, huyo ndiye mwenye smartphone ya ukoo, akanitumia voice note ndefu: "Hongereni sana mwanangu kwa roketi yenu. Tumeiona kwenye taarifa ya habari. Mama yako amewatangazia wote sokoni."

Roketi yenu! Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoka kubadilisha mashuka ya wagonjwa.

Mama mwenyewe nilipompigia akasema, "Tulikuombea mwanangu, isije ikakudondokea."

Sasa ili mnielewe lazima niwaeleze habari ya mizigo. Mlioko diaspora rukeni hapa, mnayajua.

Huku, mtu akitangaza tu kwamba anaenda nyumbani, hajakata hata tiketi, simu zinaanza. Dada, una nafasi? Ni kitu kidogo tu. Hicho kitu kidogo ni viatu vitatu, simu, dawa za presha za mzee na gauni la harusi.

Tunapima mabegi kwa kupanda nayo kwenye mzani wa bafuni, mtu na begi lake mikononi, halafu unatoa uzito wako mwenyewe. Hapo ndipo kina dada wengi husema mzani umeharibika.

Kuna mama mmoja wa Irving, kule Dallas, alikuwa anakwenda nyumbani kila mwaka. Mimi na Consolata tulikuwa tuna-drive mpaka kwake kumpelekea mzigo wa Penina. Masaa manne kwenda, masaa manne kurudi, kwa ajili ya viatu na begi la shule. Na tunarudi tumefurahi.

Upande wa pili ndio mgumu zaidi. Ukienda wewe mwenyewe, huwezi kwenda hivi hivi. Umetoka Marekani! Shangazi anasubiri kitenge, baba mdogo anasubiri simu, mtoto wa jirani aliyezaliwa ukiwa haupo naye anasubiri kitu. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyolelewa.

Kwa hiyo nilikuwa na mabegi mawili makubwa chini ya kitanda. Nayajaza kidogo kidogo. Black Friday naongeza, sale ya mwezi wa nane naongeza. Nilikuwa nimejiambia yakijaa, nakata tiketi, naingia Kasulu kwa heshima.

Hayakujaa.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu kila nikimpata mtu anayesafiri, naona ni heri nimpe yeye vya Penina vitangulie. Mabegi yanapungua. Naanza tena. Siku moja nikatoa viatu nilivyomnunulia nimpelekee mwenyewe, vyeupe, vina ua pembeni. Nikamwuliza mama kwenye simu sasa anavaa namba ngapi. Vilikuwa vidogo tayari. Mtoto amevipita vikiwa ndani ya begi, chini ya kitanda changu, Alief.

Nikavigawa kanisani.

Nisiwafiche, na Penina mwenyewe alikuwa ameanza kunitoka. Alipokuwa mdogo alikuwa analilia simu. Baadaye ikawa anaitwa mara tatu ndio aje. Akija ni "Shikamoo mama, sijambo, shule nzuri, haya bibi huyu hapa." Anaongea kama anayetoa taarifa kwa mwalimu wa zamu. Nikifunga simu nabaki naiangalia.

Mama yangu alinionya zamani. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. Nikamwambia mama, mbona natuma kila kitu anachohitaji. Akasema haya, na mama yangu akisema haya ujue hajakubali.

Turudi kwenye roketi. Wiki iliyofuata ile kapsuli ikarudi duniani. Ikashuka na miamvuli yake, ikatua baharini, salama salimini. Jumamosi nikapiga simu kama kawaida, huku asubuhi, kwao giza linaingia.

Aliyepokea ni Penina. Sikuamini. Hakuitwa, alikuwa anaisubiri.

"Shikamoo mama. Kile kitu kimerudi?"

"Marahaba. Kimerudi."

"Hakijaungua?"

"Kimebabuka nje kidogo tu. Ndani vitu vyote vizima."

"Mwalimu amesema hakikuwa na mtu. Kwa nini hawakuweka mtu?"

Wakuu, nilifurahi sijui niwaambieje. Miezi na miezi mtoto hajaniuliza swali hata moja. Nikakaa vizuri kitandani, nikajifanya mtaalamu. Si ndiyo roketi yetu!

"Wanaanza na mizigo, mwanangu. Wanaituma kwanza. Wakiona imefika salama na chombo kimerudi, wanajua njia ni nzuri. Ndio wanapeleka watu."

Nasikia mama yangu nyuma anafukuza kuku waingie bandani.

"Mizigo yako yote imefika," Penina akasema.

"Mizigo gani?"

"Hii unayotumaga. Viatu, magauni, begi la shule, ile saa. Na vitenge vya bibi. Hakuna hata mmoja uliopotea."

"Ee, namshukuru Mungu."

"Sasa mbona wewe huji?"

Hakuwa analia, hakuwa ananilaumu. Aliuliza kama anavyouliza hesabu ambayo jibu lake halijatoka sawa na la nyuma ya kitabu.

Nilisema network mbaya, nitapiga baadaye. Network ilikuwa nzuri kabisa.

Iliniuma. Nilikaa pale kitandani na sare ya kazi bado mwilini, natafuta jibu la kumpa mtoto wa miaka tisa. Makaratasi? Ninayo. Likizo? Ipo. Nikainama nikayavuta yale mabegi, nikayaangalia. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, na ningelitamka vipi kwa mtoto? Siji kwa sababu kitenge cha shangazi bado?

Nikaendesha mpaka Gulfton. Consolata akanisikiliza mpaka mwisho, anakunja nguo, hanikatizi. Halafu akaniambia maneno ambayo sikuyategemea kwake, maana yeye ni mtu wa utani.

"Dada, mimi nikitaka kurudi, narudi wapi? Burundi nilitoka mgongoni kwa mama, sikumbuki hata mlima mmoja. Kwetu ni kambini, na kambi imefungwa, wamebomoa. Mama yangu amezikwa pale. Sina mlango wa kugonga. Wewe mlango unao, na nyuma ya mlango kuna mtoto anauliza. Unasubiri nini? Sanduku?"

Nikamsaidia kukunja nguo.

Tiketi nilikata ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa kule. Sikutangaza kwenye group, lakini huku siri haikai. Wiki haikuisha, dada mmoja wa Pearland ananipigia, ana laptop ya mdogo wake na makopo ya vitamini. Mwingine ana rice cooker. Rice cooker, jamani, kwenda Tandahimba, na mimi naenda Kigoma!

Nikaandika kwenye group: "Ndugu zangu, safari hii naenda mimi tu. Sibebi mzigo wa mtu na sibebi hata wangu. Mnisamehe."

Tiki za bluu zinaongezeka tu, hakuna anayejibu. Baadaye nikaambiwa nimeanza kujidai tangu nipate green card. Yule wa Pearland mpaka leo ananisalimia kwa kichwa.

Lakini nilijijua. Nikikubali rice cooker moja, nitasema na mimi basi nibebe vitenge viwili, na shangazi je, na baba mdogo je. Kufika Desemba niko chini ya kitanda napanga mabegi, safari imesogezwa Pasaka. Nilishafanya hivyo mara mbili.

Consolata peke yake hakuleta kitu. Alinipeleka airport, tukafika mapema, tukakaa kwenye gari. Akasema, "Ukipata nafasi, nenda pale kambini. Simama tu kidogo, halafu urudi."

Hiyo ndiyo ilikuwa mizigo yangu yote. Hiyo na begi la mgongoni lenye nguo zangu.

Sitawachosha na safari. Houston, Doha, Dar, Kigoma, halafu gari ya kukodi mpaka Kasulu, mvua inapiga, tope mpaka kwenye vioo.

Nyumbani walikuwa wamejaa uani. Vigelegele, mama ananishika uso kwa mikono miwili. Wakati huo huo naona macho ya watu yanapita begani kwangu, yanaangalia gari.

Baba mdogo hakuvumilia. Akazunguka nyuma, akafungua buti mwenyewe, akachungulia. Akachungulia na viti vya nyuma.

"Mabegi yanakuja na gari jingine?"

"Hakuna mabegi, baba mdogo. Nimekuja mimi."

Akacheka akidhani natania. Aliponiona sicheki, akafunga buti taratibu. Shangazi akasema, na alihakikisha nasikia, "Miaka yote hiyo Marekani, karudi na kibegi kama mtoto wa shule."

Aibu niliyoiona wakuu, ni ile niliyokuwa naiogopa miaka yote. Ilinikuta, nikaisikia mpaka masikioni, halafu chai ikaletwa na maisha yakaendelea. Hakuna aliyekufa.

Hiyo sio iliyoniuma.

Penina alikuwa amesimama mlangoni. Kichwa kinanifika kifuani. Akaja, akapiga goti, "Shikamoo mama, karibu." Akanivua begi mgongoni kama mtoto mwenye adabu anavyompokea mgeni, akalipeleka sebuleni, kwenye kona ambayo mama yangu huweka mabegi ya wageni. Kisha akaniletea maji ya kunawa.

Sikukumbatiwa. Nilitaka kumvuta nikaogopa, kwa sababu alikuwa ananiangalia kama anayengoja kuambiwa aende.

Kwenye simu husema "bibi", kumbe akimwita mwenyewe anamwita "mama". Akiniita mimi anaanza na "mama", anasita, kama jina limeshachukuliwa.

Ana kovu kidevuni. Refu, limeshonwa vibaya. Nimekuwa nikiongea na huyu mtoto kwa video miaka yote hiyo na sijawahi kuliona. Nikamwuliza mama yangu.

"Alianguka kwenye mpera," mama akasema. "Zamani. Hatukutaka kukushtua."

Mimi ni nurse. Nashona na kufunga vidonda vya watu nisiowajua, na cha mwanangu sikujua hata kilitokea. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, mama akanifuata na wala hakuninyamazisha.

Siku za kwanza Penina alinizunguka kwa mbali. Nikiingia jikoni anatoka na ndoo. Nikikaa uani anapata kazi ndani. Nami nikawa namsoma. Anaimba akiosha vyombo na anaacha ukimsogelea. Hali ndizi mbivu. Akifikiri anajikuna sikio la kushoto. Haya yote hayapiti kwenye simu.

Siku moja nikamwambia nina rafiki Houston alikulia kambini, ameniomba nikapaangalie pale, unanisindikiza? Akakubali, nadhani kwa adabu tu.

Tulikwenda na gari ya kukodi, kisha kwa mguu. Hakuna kitu pale wakuu. Majani yamekua juu, msingi wa jengo unaonekana huku na huku, mahindi ya mtu yamepandwa upande mmoja. Nikampigia Consolata video. Kwake ilikuwa asubuhi, anajiandaa kwenda kazini, kitambulisho cha hoteli kifuani.

Nilikuwa nazungusha simu hovyo. Penina akaninyang'anya.

"Shikamoo mama mkubwa. Unataka kuona wapi?"

"Marahaba mwanangu. Palikuwa na bomba la maji. Unaona bomba?"

Penina akatembea kwenye majani na simu juu. Akaona chuma kimetokeza ardhini, akamwonyesha. Consolata akasema kutoka bombani upande wa jua linapozama, nenda kidogo, kulikuwa na makaburi. Penina akaenda. Akasimama mahali, hana uhakika, akaelekeza simu chini kwenye nyasi.

Nilisikia Consolata anapumua tu kwenye simu. Baadaye akasema, "Asante mwanangu. Inatosha. Mrudishe mama yako, mvua inakuja."

Na kweli ikaja. Kurudi njia ikawa utelezi, kile kiatu changu cha Houston hakijui udongo mwekundu. Nikateleza mara ya kwanza, mara ya pili nikakaa chini kabisa. Penina akacheka. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko chake bila simu katikati. Akanipa mkono akaninyanyua, akaendelea kunishika tushuke.

Tukafika barabarani, pana lami, hakuna tena utelezi. Hakuniachia.

Nilitembea naye mpaka kwenye gari nikiomba dereva awe amepaki mbali zaidi.

Baada ya hapo siku zilikimbia. Alinionyesha madaftari yake, mpera wenyewe, rafiki yake anayegombana naye kila wiki. Nilimsuka, akaniambia kwa upole kwamba bibi huanzia nyuma. Nikaanzia nyuma.

Siku ya kuondoka begi langu lilikuwa zito kuliko nilivyokuja nalo. Mama alijaza dagaa na karanga, akawa analalamika kwamba ningekuja na begi la maana wangenifungia vizuri. Penina aliuliza swali moja tu: lini tena.

Nikasema Juni. Nilikuwa nimeshaomba likizo.

Akasema haya. Huyu naye kajifunza haya ya bibi yake.

Wakuu, sasa ni Aprili 2020. Ninapoandika, nimetoka shift, na hali ya hospitali na hii korona mnaisoma kwenye habari, sina la kuongeza. Ndege zimesimama. Tiketi ya Juni iko kwenye simu yangu na kila mtu ananiambia nisiitegemee.

Namkumbuka mwanangu kuliko wakati wowote, na nimechelewa kuelewa ni kwa nini. Kabla sijaenda nilikuwa namkumbuka mtoto wa miaka minne, ambaye hata hayupo tena. Nilikuwa nampelekea viatu yeye. Sasa namkumbuka huyu mwenye kovu, anayejikuna sikio, anayecheka nikianguka. Huyu anauma zaidi. Kuna asubuhi nafungua friji nachukua kifuko cha dagaa nakinusa tu, nafunga, naenda kazini.

Nilichojifunza sio kikubwa. Wewe uliye mbali, una makaratasi, una likizo, na una mabegi chini ya kitanda yanayosubiri kujaa: hayajai. Nenda na ulichonacho mwilini. Shangazi atasema, mwache aseme, chai italetwa. Mimi nilipewa nafasi ya kwenda kabla milango haijafungwa kwa sababu mtoto aliniuliza, sio kwa akili yangu.

Na nyie mlioko nyumbani, mtu wenu akishuka kwenye gari, mwangalieni yeye kwanza kabla ya buti.

Nipeni maoni yenu. Kuna aliyewahi kwenda nyumbani mikono mitupu? Mlipokelewaje? Waliokwama kama mimi safari hii nao waseme, tufarijiane. Matusi wekeni pembeni, nimechoka.

Simu siku hizi napiga kila siku, sio Jumamosi tu. Penina anapokea mwenyewe, kabla haijaita mara ya pili. Baada ya shikamoo swali lake ni moja.

"Mama, uwanja wa ndege umefunguliwa?"

"Bado."

"Haya. Kesho nitakuuliza tena."